Anayetaka kuruka juu ajifunze kwanza kutua

Kila mwaka, msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya unapobisha hodi, viwanja vya shule zetu hujaa midundo ya ngoma, vigelegele na vumbi. Ni jambo la kutia moyo kuwaona vijana waliozaliwa katika enzi ya simu na runinga wakijifunga vibwebwe na kuzicheza ngoma za mababu zao. Hata hivyo, katika shangwe hizo limo jambo moja ambalo limenikereketa kwa muda mrefu, nami naona haifai kuendelea kulinyamazia. Jambo lenyewe ni jinsi tunavyowafunza wanafunzi wetu kuruka.

Mruko ndio kilele cha ngoma nyingi. Mchezaji anapoiacha ardhi, ukumbi mzima huinuka naye. Mwalimu anayeiandaa shule yake kwa mashindano analijua hilo fika, na kwa sababu hiyo agizo lake kubwa kwa wachezaji ni moja tu: "Ruka! Juu zaidi!" Agizo hilo hurudiwa jioni baada ya jioni, kwenye saruji ya bwalo la chakula au kwenye uwanja uliokaushwa na jua ukawa mgumu kama jiwe, na mara nyingi katika majuma matano au sita ya mwisho kabla ya mashindano. Mavuno yake tunayajua: magoti yaliyovimba, vifundo vya miguu vilivyoteguka, na mruko ambao haujaongezeka hata kwa upana wa kidole.

Maoni yangu ni kwamba mruko bora hauletwi na wingi wa kuruka. Huletwa na mambo matatu ambayo mtazamaji hayaoni, nayo ni nguvu ya miguu, ustadi wa kutua na mapumziko. Kati ya hayo matatu, kutua ndiko kunakostahili kufunzwa kwanza, na ndiko tunakokupuuza zaidi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Mchezaji akishaachana na ardhi, hana tena kitu cha kusukuma. Kimo atakachofikia kimekwisha kuamuliwa na kasi aliyokuwa nayo nyayo zake zilipoondoka chini. Aliyeondoka kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde atapanda sentimita 46 hivi, na atakaa hewani kwa muda wa sekunde 0.6. Ili akae hewani sekunde moja kamili, itambidi apande zaidi ya sentimita 120, jambo lililo nje ya uwezo wa karibu binadamu wote. Kwa hivyo mwalimu anayempigia mwanafunzi kelele akiwa tayari hewani anajichosha bure. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Hesabu hiyo hiyo inatufichulia siri nyingine ambayo wachezaji hodari huitumia. Nusu ya muda wote wa kuwa hewani hutumika katika robo ya juu kabisa ya mruko. Huko mwili hupunguza mwendo, hugeuka, kisha huanza kushuka polepole, na macho ya mtazamaji huona kana kwamba mchezaji ameelea. Wachezaji wa baleti huiongezea nguvu ndoto hiyo kwa kuinua miguu na mikono wafikapo kileleni, hivi kwamba kichwa husafiri kwa mstari ulionyooka kwa kitambo kidogo badala ya kupanda na kushuka. Kimo hakikuongezeka hata kidogo, lakini ukumbi mzima utaapa kwamba uliona mtu akiruka kama ndege. Mwanafunzi anayeelewa jambo hili ataitunza shingo yake, kifua chake na mikono yake pale juu, wala hatajikunja kama aliyechomwa mwiba.

Sasa tuje kwenye kutua. Kila kilichopanda hapana budi kishuke, na ardhi nayo hudai deni lake. Tuseme mwili unaanguka kutoka kimo cha sentimita 45. Ikiwa mchezaji atatua kwa magoti yaliyokakamaa na kusimama ndani ya sentimita 5 tu, mwili wake utapokea kani iliyo sawa na mara kumi ya uzito wake. Mwanafunzi wa kilo 50 atakuwa ametwishwa, kwa kufumba na kufumbua, mzigo wa kilo 500. Lakini akitua kwa kukunja vifundo, magoti na nyonga hata mwili ushuke sentimita 30 kabla ya kutulia, kani hiyo hupungua hadi mara mbili na nusu ya uzito wake, yaani kilo 125. Mruko ni ule ule na kimo ni kile kile, ila mwili mmoja umelipa deni mara nne ya mwenzake. Zidisha tofauti hiyo kwa miruko mia moja ya jioni moja, kisha kwa siku za juma, nawe hutastaajabu tena kuona wachezaji wakichechemea.

Yamkini msomaji atauliza: kutua vizuri kunamlinda mchezaji, sawa, lakini kunamwongezeaje kimo? Jibu ni kwamba katika ngoma kila kutua ni mwanzo wa mruko unaofuata. Misuli na kano zinapovutwa kwa haraka mwili ukishuka, huhifadhi sehemu ya nguvu hiyo na kuirudisha mara moja mwili unapoinuka, mfano wa mpira wa manati. Ndiyo maana mtu anayeshuka kidogo kwa wepesi kisha akaruka hupanda juu kuliko yule anayechuchumaa na kukaa pale kwanza. Anayetua kwa kishindo huimwaga nguvu hiyo ardhini, na anayetua kwa utulivu huitumia tena. Isitoshe, mwili una akili yake. Mwanafunzi anayeogopa maumivu ya kutua hatatoa nguvu zake zote anapoondoka, hata umpigie kelele namna gani.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya vitabuni, na kwamba wazee wetu waliruka bila kupima chochote. Hoja hiyo naipokea kwa heshima, ila naomba tuitazame vyema hiyo mila tunayoitaja. Tuchukue mruko mashuhuri kuliko yote katika nchi hii, yaani adumu ya Wamaasai, ambayo ndugu zao Wasamburu nao wana mfano wake. Morani husimama nusu duara wakiimba. Mmoja au wawili hujitokeza katikati, huruka wima mwili ukiwa umenyooka kama mkuki, visigino visiguse chini, na sauti za wenzao hupanda kadiri wao wanavyopanda. Wanapochoka hurejea kwenye mstari, na wengine wakaingia.

Tazama hekima iliyomo humo. Mchezaji huruka kwa kitambo kifupi akiwa na nguvu zake zote, kisha hupumzika huku akiimba. Huruka juu ya udongo na nyasi. Tena hakuanza juzi, kwa maana tangu utotoni, akichunga ndama, amekuwa akiwaiga kaka zake, na vigimbi na kano zake zimekomaa mwaka hadi mwaka. Mtindo huo wa kutogusa ardhi kwa visigino hutegemea zaidi vifundo na vigimbi kuliko magoti, na mwili usiozoezwa hauwezi kuuvumilia kwa muda mrefu.

Sisi shuleni tumefanya nini? Tumeichukua adumu, tukawapanga wanafunzi ishirini au thelathini waruke wote kwa pamoja, kuanzia mwanzo wa onyesho hadi mwisho, juu ya saruji, baada ya mazoezi ya majuma sita. Kisha tukaiita mila. La hasha! Tulichokichukua ni umbo la nje, na tukaiacha nyuma busara iliyolilinda.

Nimezunguka katika shule kadhaa nikisaidia kuandaa ngoma, na nitataja kisa kimoja bila kutaja shule wala jina. Palikuwa na msichana wa kidato cha pili, mwepesi kama swala, aliyewekwa mbele ya kundi kwa sababu ya mruko wake. Goti lake lilianza kumuuma mapema katika muhula wa pili. Hakumwambia mtu. Alihofia kwamba akisema, nafasi yake ya mbele itapewa mwingine. Alilifunga goti kwa kitambaa chini ya vazi la ngoma na kuendelea kuruka. Kundi lake lilifuzu kwenda ngazi iliyofuata, lakini yeye hakwenda, kwa sababu siku hiyo hakuweza hata kushuka ngazi za bweni. Alipopona aliweza kutembea vizuri, lakini hakurudi tena katika ngoma. Kikombe hakiwezi kumlipa mtoto kitu kama hicho.

Wasichana wanahitaji uangalifu wa pekee katika jambo hili. Wachunguzi wa majeraha ya michezo wamebainisha kwamba katika michezo ya kuruka na kugeuka, wasichana hupata majeraha makubwa ya ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uo huo. Dalili moja ya hatari ni magoti kuelekeana na kukaribia kugusana wakati wa kutua. Mwalimu yeyote mwenye macho anaweza kuiona akisimama mbele ya mchezaji. Tena dawa yake si siri. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lilianzisha mwaka 2006 mpango wa mazoezi ya kupasha mwili moto wenye kuchukua dakika 20 hivi, unaochanganya kukimbia polepole, kuimarisha mapaja na kiwiliwili, kusimama kwa mguu mmoja, na kuruka na kutua kwa utaratibu. Timu za vijana zilizoufuata kwa bidii zilipunguza majeraha yao kwa kiwango kikubwa. Mpango huo hauhitaji vifaa vya bei ghali, na hakuna sababu ya kuwanyima wacheza ngoma kinga wanayopewa wacheza kandanda.

Mwalimu mwenzangu, pengine sasa unauliza uanzie wapi. Anzia muhula wa kwanza, kabla ya kelele za mashindano. Katika majuma manne ya mwanzo usiwaambie wanafunzi waruke juu hata mara moja. Wachuchumae na kuinuka polepole, magoti yakielekea upande wa vidole vya miguu. Wainuke kwa vidole ukingoni mwa ngazi na kushuka taratibu, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa mguu mmoja. Wasimame kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa. Kisha wapande kidato kimoja kifupi, washuke kwa kudondoka, na kutua kimya kimya, vidole vikitangulia, unyayo ukifuata, kisigino kikimalizia, na magoti yakipokea mwili. Masikio ya mwalimu yatatosha kuwa mwamuzi. Kutua kunakosikika upande wa pili wa uwanja hakujakamilika.

Baada ya hapo waanze kuruka, chini kwanza, kisha juu kidogo kila juma. Mikono ifunzwe kufanya kazi yake, kwa kuwa mikono inayorushwa juu kwa wakati unaofaa inaweza kuuongezea mruko kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi. Kwa wanaoanza, miruko 40 hadi 60 yenye nidhamu inatosha kwa kipindi kimoja, mara mbili au tatu kwa juma, na kati ya kipindi na kipindi zipite saa 48. Siku zilizobaki wafanye nyimbo, midundo ya ngoma, mwendo wa mabega na mpangilio wa jukwaani, mambo ambayo nayo yana alama zake. Misuli huchoshwa na zoezi, kisha hujijenga wakati wa mapumziko. Anayemnyima mwanafunzi mapumziko anabomoa mchana alichotarajia kijengwe usiku.

Kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi, nyasi zilizokatwa za uwanja wa mpira ni bora kuliko saruji ya bwalo, mradi mawe na vigae vya chupa vimeokotwa kwanza. Magodoro laini yasitumiwe, kwa sababu hukitegua kifundo cha mguu kwa urahisi. Ikiwa jukwaa la mashindano ni la saruji, wachezaji walizoee mara mbili au tatu tu, wakitembea mpangilio wao na kuruka kwa kiasi.

Vilevile tupime. Njia ya kupima haigharimu zaidi ya kipande cha chaki. Mwanafunzi husimama kando ya ukuta, hunyoosha mkono na kutia alama, kisha huruka na kutia alama nyingine. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo mruko wake. Kipimo hiki kilielezwa na Mmarekani Dudley Sargent mwaka 1921, na hadi leo kingali kinatumika. Mwalimu akiandika tarakimu hizo kila baada ya majuma mawili, daftari litamwambia ukweli ambao jicho haliuoni. Zikipanda, aendelee. Zikishuka, wanafunzi wamechoka, na wanachohitaji ni siku mbili za kulala mapema na chakula cha kutosha. Mwalimu wa fizikia naye asiachwe nyuma. Hapo ana somo zima la kasi, kani na mvutano wa dunia, ambalo wanafunzi hawatalisahau kwa kuwa wamelifanya kwa miili yao wenyewe.

Najua walimu wengi watalalamika kwamba muda hautoshi, na kwamba mkuu wa shule anataka kikombe, si mihadhara juu ya kano na magoti. Nayafahamu mashinikizo hayo. Hata hivyo, mwendo ninaoupendekeza hauhitaji muda zaidi ya ule tunaoutumia sasa. Unahitaji tu kwamba muda huo uanze mapema na ugawanywe vizuri. Haraka haraka haina baraka, na mwenye kuanza Januari hana haja ya kukimbizana na kalenda mwezi wa Juni. Vaslav Nijinsky, mchezaji wa baleti aliyestaajabisha Ulaya mwaka 1911 kwa mruko wa kutokea dirishani katika onyesho la Le Spectre de la rose, aliingia chuo cha ngoma huko St Petersburg mwaka 1898 na kuhitimu mwaka 1907. Watu waliona mruko wa kitambo kidogo. Hawakuiona miaka tisa iliyoubeba.

Kwa waamuzi wa mashindano nina ombi. Pambo la mruko lisiwe kimo peke yake. Tazameni pia namna kundi linavyotua kwa pamoja, kimya chake, na jinsi mchezaji anavyoufungamanisha mruko na pigo la ngoma. Walimu hufunza kile kinachotuzwa. Siku waamuzi watakapotaja kutua katika maelezo yao, msimu unaofuata shule zote zitakuwa zikifunza kutua. Tukumbuke pia kwamba si kila ngoma ni ya kuruka. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, haihitaji kubandikwa miruko ya kuazima ili ipate alama. Mabega yake na ngoma zake zinajitosheleza.

Kwa wasimamizi wa elimu nasema hivi: mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeipa sanaa na michezo njia yake kamili katika shule za upili za juu. Hilo ni jambo jema. Lakini kijana hawezi kuambiwa kwamba ngoma inaweza kuwa kazi ya maisha yake, kisha mwili ambao ndio chombo cha kazi hiyo ukaharibiwa akiwa na umri wa miaka 15. Mafunzo ya walimu wa ngoma yajumuishe elimu ya mwili na huduma ya kwanza, kama vile mwalimu wa kemia anavyofunzwa kuhifadhi tindikali.

Nawe mwanafunzi, nina neno moja kwako. Uchovu wa misuli unaoisha baada ya siku mbili ni jambo la kawaida, lakini maumivu yanayokaa katika goti, katika kifundo au kwenye kile kinundu kilicho chini ya goti, na yanayorudi kila unaporuka, ni ujumbe. Usiufunge kwa kitambaa. Mwambie mwalimu, mwambie mzazi, uende hospitalini. Nafasi ya mbele jukwaani inaweza kusubiri majuma matatu, na mwalimu mwenye busara atakuhifadhia. Goti ulilopewa halina la akiba.

Msimu mwingine u njiani. Shule nyingi zitaanza kama kawaida, kwa kelele za "juu zaidi". Ningependa kusikia, hata katika viwanja vichache, mwalimu akiwaambia wanafunzi wake wanyamaze, wapande kidato kimoja, washuke, naye atege sikio. Asiposikia kitu, atajua kwamba mruko umeanza kujengeka.